Bakteria rafiki kwenye mboga za majani: mwongozo kamili wa kupata jani lenye lishe, si jani kubwa tu

Mchicha unaweza kunawiri, ukatoa majani mapana ya kijani kilichokolea, na bado gramu 100 za majani hayo zikawa na chuma kidogo kuliko za mchicha mwembamba wa tuta la pili. Sababu ni hesabu tu. Tuseme kilo moja ya majani ilikuwa na miligramu 27 za chuma. Ukaongeza mbolea, mavuno yakafika kilo 1.4, lakini mizizi ikaongeza chuma kidogo tu, jumla miligramu 30. Gramu 100 zilizokuwa na miligramu 2.7 sasa zina 2.1. Madini yamezimuliwa na ukuaji. Watafiti Jarrell na Beverly waliichambua hali hii kwa kina mwaka 1981, na tangu hapo anayepima lishe ya mazao hawezi kuipuuza. Naitanguliza kwa sababu matangazo ya mbolea za bakteria hupenda picha za majani makubwa, na ukubwa wa jani hausemi lolote kuhusu kilichomo ndani.

Bakteria rafiki wanaweza kulisaidia jani lipate chuma, zinki na vitamini zaidi. Ila hawaumbi madini, na hawafanyi kazi kwenye udongo uliochoka, uliojaa chumvi au uliokauka. Ukitaka wakufae, uandae kwanza makazi yao, uwaweke kwa wakati wake, kisha upime ulichopata.

## Wanachofanya kwenye mizizi

Udongo unaogusana na mzizi, unene wa milimita chache tu, ndio wenye uhai mwingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya shamba. Mjerumani Lorenz Hiltner aliupa jina la rizosfia mwaka 1904. Mmea hutoa sukari na tindikali kupitia mizizi, bakteria wanakula, na baadhi yao hulipa fadhila. Hawa wanaolipa walipewa jina lao, bakteria wa rizosfia wanaokuza mimea, na Joseph Kloepper na Milton Schroth mwaka 1978.

Kwa upande wa lishe, malipo yenye uzito zaidi ni chuma. Udongo mwingi una chuma tele, lakini kimefungamana na oksijeni na hakiyeyuki, hasa pale udongo unapokosa uchachu. Ni ghala lililojaa, mlango umefungwa. Bakteria kama Pseudomonas fluorescens hutengeneza molekuli ndogo ziitwazo sideroforo, ambazo hukikamata chuma na kukifanya kiweze kusafiri kwenye maji ya udongo. Maabara huweza kuziona kwa macho: sahani ya Pseudomonas huyo ikiwekwa chini ya mwanga wa urujuanimno, hung'aa kwa rangi ya manjano-kijani. Huo mng'ao ni wa sideroforo zenyewe.

Kuna njia nyingine inayonivutia zaidi. Mwaka 2009 ilichapishwa kazi kuhusu Bacillus subtilis wa aina ya GB03 na mmea mdogo wa maabara uitwao Arabidopsis, ndugu wa kabichi na sukuma wiki. Gesi alizotoa bakteria zilitosha kuufanya mmea uwashe mitambo yake yenyewe ya kutafuta chuma: ukaongeza uchachu kwenye mizizi na kuzidisha milango ya kukipokea. Hapa bakteria hakubeba chuma. Aliuchokoza mmea ukitafute.

Fosforasi na zinki huachiliwa kwa tindikali, hasa ya glukoniki, ambayo bakteria huitoa wanapokula sukari. Wengine, Azospirillum akiwa mfano mkuu, hutoa homoni ya oksini inayozidisha vinyweleo vya mizizi, na mizizi mingi maana yake ni udongo mwingi unaofikiwa. Mwisho kuna kinga: bakteria wakikaa kwenye mizizi, mmea huwa kama uliopewa tahadhari, na mara nyingine huongeza fenoli na viondoa sumu vingine ndani ya majani. Majaribio ya letusi na spinachi yameonyesha ongezeko la namna hii mara kadhaa, lakini si kila mara wala si kwa kila aina ya mbegu. Fenoli zikizidi, jani pia huweza kuwa chungu kidogo.

## Hatua ya 1: Amua unatafuta kirutubisho gani

"Lishe zaidi" si lengo la kufanyia kazi. Chagua kirutubisho kimoja au viwili. Ukitaka chuma, mpango wako utahusu pH (kipimo cha uchachu wa udongo) na sideroforo. Ukitaka zinki, swali la kwanza ni kama zinki ipo ardhini. Ukitaka vitamini C zaidi na naitrati kidogo (naitrojeni inayolundikana kwenye jani kabla ya kutumika), kazi kubwa iko kwenye kupunguza naitrojeni, na bakteria ni wasaidizi tu.

Aina ya mboga nayo ina neno. Mchicha, spinachi, kabichi na sukuma wiki kwa kawaida hazishirikiani na kuvu wa mizizi waitwao mikoriza, kwa hiyo pakiti ya mikoriza kwenye mboga hizi ni pesa iliyotupwa. Bakteria hawana ubaguzi huo. Letusi hupokea wote wawili. Kunde inayolimwa kwa ajili ya majani iko peke yake, kwa kuwa ni jamii ya mikunde na ina bakteria wake maalumu wa kukamata naitrojeni ya hewani.

Kumbuka pia kwamba spinachi na mchicha vina oksaleti nyingi, ambazo hufunga kalsiamu na kupunguza kinachofyonzwa tumboni. Kuongeza miligramu kwenye jani si sawa na kuongeza miligramu mwilini.

## Hatua ya 2: Andaa udongo kabla ya kufungua pakiti

Hapa ndipo watu wengi huruka, na hapa ndipo matokeo huamuliwa.

Pima pH. Mboga nyingi za majani na bakteria wengi wanaosaidia hupendelea kati ya 6 na 7. Ikishuka sana chini ya hapo, weka chokaa wiki kadhaa kabla ya kupanda, maana chokaa haifanyi kazi kwa siku moja. Ikipanda juu ya 7.5, tarajia majani machanga yenye rangi ya manjano huku mishipa ikibaki kijani. Hiyo ni dalili ya kukosa chuma, na kwa kweli huo ndio udongo ambao bakteria wa sideroforo wana nafasi kubwa zaidi ya kuonyesha kazi yao. Usiongeze majivu kwenye udongo wa namna hiyo. Yatapandisha pH zaidi.

Peleka sampuli maabara ukiweza, uombe chuma na zinki vipimwe kwa njia ya DTPA, inayokadiria kiasi ambacho mmea unaweza kukichukua. Zinki ikiwa chini ya miligramu 0.5 kwa kilo ya udongo, huo ni upungufu, na hakuna bakteria wa kufungua ghala tupu. Weka zinki salfeti kwa kiwango utakachoelekezwa na maabara, kisha bakteria watasaidia isifungwe tena.

Halafu mboji. Bakteria unaowaleta wanaingia mahali penye mabilioni ya wenyeji wenye njaa, na bila chakula watakwisha ndani ya muda mfupi. Mboji iliyoiva vizuri huwapa chakula, unyevu na vijishimo vya kujificha. Lundo lianze na kaboni takriban mara 25 hadi 30 ya naitrojeni, lipate joto la nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi, ligeuzwe, kisha lipoe kabisa. Usichanganye bakteria wako kwenye lundo lililo moto, utawapika. Mboji iliyoiva hunuka udongo wa baada ya mvua. Ikinuka amonia, bado.

Ukitaka kujua kama udongo wako una uhai wa kutosha na huna maabara, zika kipande cha kitambaa cha pamba tupu kwa kina cha kiganja na ukifukue baada ya wiki nane. Kikitoka kimeliwa na kubaki nyuzi, wenyeji wapo. Kikitoka kizima, tatizo lako ni chakula, maji au pH, na pakiti ya bakteria haitalitatua.

## Hatua ya 3: Chagua bakteria kwa kazi yao

Kwa anayeanza ningechagua Bacillus bila kusita, hasa Bacillus subtilis au Bacillus amyloliquefaciens. Hujifunga ndani ya spora inayovumilia joto na ukavu, kwa hiyo uwezekano wa kununua pakiti ya wafu ni mdogo zaidi. Pia hufanya mengi kwa pamoja: huchokoza mizizi, huwazuia baadhi ya kuvu waharibifu, na wengine huyeyusha fosforasi.

Pseudomonas fluorescens na Pseudomonas putida ni hodari zaidi kwa chuma, lakini hawana spora. Hufa wakikaushwa vibaya au wakiachwa juani. Wachukue tu kama una jokofu na unaweza kuwatumia upesi.

Bacillus megaterium ndiye maarufu kwa fosforasi. Tangu 2020 wataalamu wamempa jina jipya, Priestia megaterium, kwa hiyo lebo moja ikisema hivi na nyingine vile, ni yuleyule. Baadhi ya aina zake na za Pseudomonas huyeyusha zinki pia, lakini sifa hiyo ni ya aina maalumu na si ya jamii nzima. Lebo isiyotaja zinki usiidhanie.

Azospirillum brasilense na Azotobacter chroococcum huuzwa kama viwanda vya naitrojeni. Ni kweli huikamata naitrojeni ya hewani, lakini kiasi kinachoufikia mche wa mboga ni kidogo, na faida kubwa ya Azospirillum ni mizizi aliyoiotesha. Mtu akikuambia uache mbolea yote kwa sababu ya hawa wawili, mshukuru na uendelee na safari yako.

Kwa kunde, tafuta Bradyrhizobium aliyeandikwa kuwa ni wa kunde. Ndiye rahisi kuliko wote kumhakiki shambani. Wiki ya tano au sita baada ya kupanda, chimba mche taratibu kwa jembe dogo, usiung'oe, kwa kuwa vinundu hukatika na kubaki ardhini. Osha mizizi, chukua kinundu kimoja, kikate kwa wembe. Ndani kikiwa chekundu au cha waridi, kinafanya kazi. Rangi hiyo ni ya protini inayofanana na hemoglobini ya damu. Kikiwa cheupe, cha kijivu au cha kijani, hakizalishi.

Michanganyiko ya aina kumi na tano ndani ya chupa moja mimi huiogopa. Aina mbili au tatu zilizojaribiwa pamoja zinatosha, kwani nyingi zikikaa pamoja hupigana ndani ya chupa kabla hazijafika shambani.

## Hatua ya 4: Soma lebo kama unavyosoma ya dawa

Lebo inayofaa hutaja jina kamili la bakteria pamoja na aina yake mahususi, idadi ya walio hai, tarehe ya mwisho wa matumizi na joto la kuhifadhia. Idadi huandikwa kwa herufi CFU, kwa gramu au kwa mililita. Milioni 100 (10⁸) kwa gramu ni kiwango kizuri cha chini; bilioni 1 (10⁹) ni bora. Chupa iliyoandikwa "vijidudu vyenye faida" bila jina wala idadi iache kwenye rafu, hata kama muuzaji anaisifu mpaka povu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Angalia pia mahali ilipokaa dukani. Mbolea ya bakteria iliyopangwa dirishani mwa jua haina tofauti na maji ya rangi. Nyumbani iweke kivulini chini ya nyuzi 25, na kama si Bacillus, iweke kwenye jokofu bila kuigandisha. Chupa ya maji iliyovimba au inayonuka uozo, itupe. Ukiifungua, jitahidi uimalize kwa mkupuo mmoja.

## Hatua ya 5: Maji

Maji ya bomba huwekwa klorini ili kuua bakteria, na haitambui rafiki wala adui. Yaache kwenye ndoo wazi kwa saa 24, klorini itatoka. Zipo mamlaka zinazotumia kloramini, ambayo haitoki kwa kuachwa wazi. Kama ndivyo kwenu, tumia maji ya mvua, au koroga konzi ya mboji iliyoiva ndani ya ndoo uyaache kwa muda kabla ya kuongeza bakteria. Maji yawe ya uvuguvugu wa kawaida wa hewa. Tumia ndoo na keni ambazo hazijawahi kubeba dawa ya kuua magugu au ya ukungu. Kusuuza hakutoshi.

## Hatua ya 6: Weka mapema, karibu na mzizi

Mzizi mchanga hukaliwa na wanaowahi. Bakteria waliofika siku za mwanzo wana nafasi kubwa kuliko walioletwa mche ukiwa umekomaa, kwa hiyo anzia kwenye mbegu au kitaluni.

Mbegu kubwa kama za kunde zipake. Koroga kijiko kimoja cha chakula cha sukari kwenye mililita 100 za maji, au tumia uji mwepesi wa wanga uliopoa, au gundi ya mgunga iliyoyeyushwa. Lowesha mbegu kidogo tu, zing'ae bila kuchuruzika. Nyunyiza unga wa bakteria, geuzageuza mpaka kila mbegu iwe na koti, tandaza kivulini hadi ziache kunata, na uzipande siku hiyohiyo. Kama mbegu zilikuja na rangi ya dawa ya ukungu, ruka njia hii na uweke bakteria kwenye udongo baada ya kuota.

Mbegu za mchicha ni ndogo mno, gramu moja huweza kuwa na zaidi ya 1,000, na ukijaribu kuzipaka zitashikana mabonge. Changanya unga wa bakteria na mboji iliyochekechwa, kisha changanya na mbegu, na umwage kwenye mifereji kwa pamoja. Ni rahisi na mbegu hutawanyika vizuri zaidi.

Kwa miche ya kuhamisha kama kabichi, letusi na sukuma wiki, chovya mizizi dakika 20 hadi 30 kwenye maji ya bakteria kabla ya kupanda. Iliyo kwenye trei haihitaji kung'olewa. Loweka trei nzima jioni ya kuamkia siku ya kuhamisha.

Baadaye mwagilia shinani. Kama lebo haina maelekezo yake, hesabu ya kuanzia ni hii: bidhaa yenye milioni 100 kwa mililita, mililita 10 kwenye lita moja ya maji, hukupa takriban milioni 1 kwa mililita. Mimina mililita 50 kwa kila shina, na mche umepata kama milioni 50. Kuzidisha dozi mara tano hakuleti faida mara tano, kwa sababu udongo hulisha idadi unayoweza kuilisha na waliobaki hufa.

Fanya jioni au siku ya mawingu, udongo ukiwa tayari na unyevu. Jua kali huua, na udongo mkavu huua zaidi. Weka matandazo ya nyasi kavu. Mboga inayochumwa majani mara kwa mara irudiwe kila wiki mbili au tatu, maana idadi ya wageni hupungua kadiri wenyeji wanavyowazidi nguvu. Mboga ya kung'oa mara moja, kama mchicha wa wiki nne, ikipata kwenye mbegu na mara moja tena baada ya kupunguza miche inatosha.

Wanaolima kwenye maji bila udongo watumie Bacillus kwenye tangi la virutubisho, na wazime taa ya urujuanimno na kuacha haidrojeni peroksaidi kipindi hicho, la sivyo wanaua kwa mkono mmoja wanachoweka kwa mwingine.

## Hatua ya 7: Punguza naitrojeni, epuka shaba

Bakteria na mbolea ya chumvichumvi wanaweza kukaa shamba moja, lakini si kwa kiwango kamili. Mmea wenye fosforasi na naitrojeni ya bure hautoi chakula kingi kwa wasaidizi, na bakteria wanaokamata naitrojeni huzima mitambo yao amonia ikiwa tele. Anza kwa kupunguza robo ya naitrojeni uliyozoea. Utafiti mmoja wa nyanya uliochapishwa 2009 ulipata kwamba mbolea asilimia 75 pamoja na bakteria ilitoa ukuaji sawa na mbolea kamili. Nyanya si mchicha, ila robo ni mahali salama pa kuanzia, na ukishuka zaidi ya hapo shuka polepole.

Kupunguza huku kuna faida yake hata bakteria wasipofanya lolote. Naitrojeni ikizidi, vitamini C hupungua kwenye majani na naitrati hulundikana. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha miligramu 3,500 za naitrati kwa kilo ya spinachi mbichi, na spinachi iliyonyweshwa urea kwa pupa huweza kukipita.

Dawa za ukungu zenye shaba huua bakteria wako moja kwa moja. Zikilazimu, acha angalau wiki moja katikati. Usichanganye mbolea ya bakteria na dawa yoyote, majivu au chokaa ndani ya pampu moja.

## Hatua ya 8: Usalama, kwa sababu jani huliwa

Sehemu hii isomwe polepole. Siyo kila anayesaidia mmea ni rafiki wa binadamu. Pseudomonas aeruginosa na baadhi ya Burkholderia huweza kuotesha mimea vizuri na pia kumlaza hospitali mtu mwenye kinga dhaifu. Bacillus cereus hufanana sana na ndugu zake wema, na aina zake kadhaa hutia sumu kwenye chakula. Kwa hiyo usifuge bakteria uliowaokota mwenyewe kwenye mizizi ya msituni, wala usinunue wasio na jina.

Maji ya mboji yanayochachushwa na molasi yana hatari ambayo wengi hawaijui. Sukari hiyo huwakuza pia E. coli na Salmonella kama walikuwemo hata wachache kwenye samadi. Usiyanyunyizie kamwe kwenye majani yatakayoliwa mabichi. Samadi mbichi nayo ina muda wake: kanuni za kilimo hai za Marekani hudai siku 120 kati ya kuiweka na kuvuna, kwa mazao ambayo sehemu inayoliwa hugusa udongo. Mchicha wa wiki nne hauwezi kutimiza hilo, kwa hiyo kwake tumia mboji iliyopata joto tu.

Bakteria wa kuongeza lishe wamwagwe shinani, si juu ya majani. Acha kabisa wiki ya mwisho kabla ya kuchuma. Vaa glavu na barakoa unapoushughulikia unga, na watoto wasikaribie ndoo.

## Hatua ya 9: Kuvuna bila kupoteza ulichokusanya

Kimeng'enya kinachoanza kazi ya kubadilisha naitrati ili hatimaye iwe protini hutegemea mwanga, kwa hiyo jani la alasiri lina naitrati kidogo kuliko la alfajiri. Chuma alasiri, jua likianza kupoa, na upeleke kivulini mara moja. Vikonyo hubeba naitrati nyingi kuliko bapa la jani. Vitamini C huanza kupungua jani likitengana na shina, na joto na kunyauka huharakisha. Kama huwezi kupoza, chuma unachokula siku hiyo.

Jikoni, kuchemsha na kumwaga maji hupunguza oksaleti za spinachi na mchicha, lakini vitamini C na foleti nyingi huondoka nayo. Kwa mboga zisizo na oksaleti nyingi, kama sukuma wiki, maji kidogo na muda mfupi ni bora. Mafuta kidogo husaidia mwili kuchukua beta-karotini, na maji ya limau hukifanya chuma kifyonzwe kwa urahisi.

## Hatua ya 10: Pima, usikisie

Kijani kilichokolea ni dalili ya naitrojeni, si ya chuma. Kifaa cha Brix hupima vitu vilivyoyeyuka, hasa sukari, kwa hiyo nacho hakisemi lolote kuhusu zinki. Unahitaji jaribio dogo.

Gawa eneo katika jozi nne za vipande vinavyolingana. Kila jozi, rusha sarafu kuamua kipande kipi kipate bakteria. Kingine kipate bakteria waliokufa, si maji matupu, kwa sababu unga uliowabeba na mabaki yao ni mbolea pia. Kuchemsha kwenye sufuria ya kawaida hakuui spora za Bacillus. Tumia sufuria ya presha kwa dakika 30. Mwagilia kila mara vipande vya wafu kwanza, vya hai baadaye, ili keni isihamishe wageni.

Chuma siku moja, saa moja, majani ya umri mmoja. Pima uzito wa kila kipande. Kisha osha majani ya sampuli kwa uangalifu kuliko unavyoosha ya kula: vumbi la udongo lina chuma nyingi kiasi kwamba doa dogo kwenye jani linaweza kukupa "ongezeko" ambalo ni tope tu. Suuza mara tatu, mara ya mwisho kwa maji yaliyochujwa madini yote. Kausha kwenye mifuko ya karatasi kwa nyuzi 60 hadi 65 mpaka uzito usibadilike, uandike namba za siri badala ya "hai" na "wafu", na upeleke maabara kwa chuma na zinki. Sampuli ya vitamini C haikaushwi. Ipelekwe mbichi kwenye barafu. Naitrati unaweza kuipima mwenyewe kwa vipande vya karatasi vya kupimia, ukikamua vikonyo.

Majibu yakirudi, soma namba mbili kwa pamoja: kiasi kwa gramu 100 za majani makavu, na jumla kwa mita moja ya mraba. Mavuno yakipanda na kiasi kwa gramu kikabaki palepale, umefanikiwa. Lishe iliyotoka shambani ni nyingi na jani halikuzimuliwa. Vyote viwili vikipanda katika jozi tatu au nne, una aina ya bakteria inayofaa udongo wako, iandike jina lake kamili. Mavuno yakipanda na kiasi kikashuka, punguza naitrojeni robo nyingine na uangalie kama zinki ya udongo ilitosha. Kisipobadilika chochote, kagua kwanza tarehe ya pakiti, klorini na pH, urudie msimu mmoja kwa pakiti mpya. Ikiwa kimya tena, fedha ya pakiti ya tatu inunue malighafi ya mboji.